Kumtafuta fundi wa AC Malindi: maswali ninayoulizwa kila kaskazi

Kazi yangu ni kusimamia nyumba za watu, kutoka Casuarina hadi Mambrui. Nyingine ni za Waitaliano wanaokuja mara moja kwa mwaka, nyingine za watu wa bara walionunua kwa ajili ya likizo, na chache ni za jamaa zangu mwenyewe. Ikifika Desemba simu yangu haipumziki: AC haitoi baridi, AC inavuja maji kitandani, nani fundi mzuri. Nimeyaweka majibu hapa kwa sababu nimeona watu wakinunua mashine nzuri kwa pesa walizozihangaikia, kisha ikaharibiwa kwa ufungaji wa nusu siku. AC nyingi za mji huu hazifiki uzeeni. Zinaumizwa siku ile ile zinapofungwa, na zilizosalimika humalizwa na chumvi.

Nianze wapi kumtafuta fundi?

Anza na nyumba, usianze na duka. Tafuta nyumba au gesti iliyo umbali kama wako kutoka baharini, yenye AC iliyofungwa miaka mitatu au minne iliyopita na bado inapoza. Uliza nani aliifunga na nani huihudumia. Mlinzi na mfanyakazi wa nyumba watakuambia mengi kuliko mwenye nyumba, maana ndio humfungulia fundi lango na ndio hujua alirudi mara ngapi. AC iliyofungwa wiki jana haikuambii lolote, kwa kuwa kila AC hupoza wiki ya kwanza.

Duka lililokuuzia mashine litakupa fundi wake, na wapo wazuri. Ila uliza mbele ya muuzaji: kazi ikiharibika namrudia nani, duka au fundi? Jibu liandikwe kwenye risiti. Nimeshuhudia duka likimtupia fundi lawama na fundi akalitupia duka, mwenye nyumba akabaki katikati na joto lake.

Zungumza na watatu, na wote waje waone nyumba. Anayekupa bei kwa simu bila kujua ukuta ni wa nini na mashine ya nje itakaa wapi, bei hiyo itapanda akishatoboa.

Anatakiwa awe na vyeti gani?

Kazi ya AC ina sehemu mbili, ya gesi na ya umeme. Upande wa umeme sheria iko wazi: anayevuta waya mpya kutoka kwenye boksi la umeme awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati. Mwombe leseni, tazama jina na tarehe ya mwisho. Fundi wengi wa AC hawana leseni hiyo, na si kosa, mradi waje na fundi umeme aliye nayo. Kosa ni kusema "hiyo ni waya tu".

Upande wa ubaridi, cheti cha chuo cha ufundi au cha mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, kinaonyesha kuwa mtu amepimwa. Kama unajenga ghorofa au hoteli, hapo unahitaji mkandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, katika fani hiyo hasa, na usajili wake unaweza kuuangalia mwenyewe kwenye tovuti yao. Kwa AC moja ya chumbani sitakudanganya: wapo wazee hapa mjini wasio na karatasi ndefu ambao ningewapa nyumba ya mama yangu. Lakini hao nimewaona wakifanya kazi. Usiyemjua, omba karatasi.

Mimi si fundi. Nitajuaje kama anafanya kazi sawasawa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake ni refu kidogo.

Siku moja nilikuwa Shela yetu ya hapa Malindi, fundi mmoja mzee akifunga AC chumbani kwa mama yangu mdogo. Paipu za shaba zilikwisha ungwa na nati zimekazwa. Akaunga pampu ya kunyonya hewa, akaiwasha, kisha akaketi juu ya kasha tupu la mashine kama mtu anayengoja gari. Dakika kumi zikapita, kumi na tano. Nikamwambia, "Ami, mbona hatuwashi? Jua linazama." Akanielekezea ile saa ya kupimia, mshale umelala chini kabisa ya sufuri. "Mwanangu, hewa ya hapa imejaa maji. Nikiyafungia humu ndani, utaniita tena kabla ya Ramadhani." Pampu ikanguruma nusu saa nzima. Akafunga valvu, akaizima, akaenda kuswali. Aliporudi aliuinamia ule mshale kabla hajasema neno. Ulikuwa pale pale. Ndipo akafungua gesi.

Alichokuwa akifanya ni hiki. Paipu mpya zina hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Unyevu ukichanganyika na oili ya kompresa, ile mota inayosukuma gesi, hugeuka asidi, na asidi hiyo huila kompresa kutoka ndani, polepole. Pampu hutoa hewa na kuukausha unyevu. Kisha mshale ukitulia baada ya pampu kuzimwa, ujue hakuna tundu linalovuja. Ukianza kupanda, kuna nati haikukaa.

Sasa mwingine, katika nyumba niliyokuwa nikiisimamia mimi, hakuja na pampu kabisa. Alilegeza nati, akafungua gesi ya mashine kidogo ili isukume hewa nje, ikalia psss, akakaza. Dakika mbili na kazi imekwisha. Nami nilisimama pale nikafurahia kwamba fundi ana mkono mwepesi. Kompresa ile haikumaliza msimu wa pili.

Kwa hiyo kabla ya kumwajiri, muulize swali moja: "Utakuja na pampu ya vakyumu?" Akisema si lazima, mshukuru na umuage. Siku ya kazi angalia pia anakatia paipu nini. Kuna kikataji chake kidogo cha duara. Msumeno wa chuma huacha unga wa shaba ndani ya paipu. Akishapanua mdomo wa paipu kwa ajili ya nati, uwe laini na mviringo, usio na ufa. Mwisho apake povu la sabuni kwenye maungio na asubiri kuona kama kuna kinachopumua.

Na maji je? Mbona AC za jirani zinavuja ndani?

AC huvuta unyevu kutoka hewani, na kwa Malindi ya Machi hiyo ni lita kadhaa kwa usiku mmoja. Maji hayo hayasukumwi na kitu, yanateremka yenyewe. Basi tundu la ukutani lazima liinamie nje, na mpira wa maji ushuke moja kwa moja bila kupanda popote. Kabla fundi hajafunga kifuniko, mpe kikombe cha maji amimine kwenye kile kitrei cha ndani, na wewe usimame nje uone yakitoka. Mtihani wa dakika moja. Hakikisha pia kila paipu imevalishwa sponji yake nyeusi, zote mbili, hadi mwisho. Sehemu iliyo wazi hutoa jasho, na jasho hilo huozesha rangi ya ukuta.

Chumba changu kinahitaji BTU ngapi?

BTU ni kipimo cha nguvu ya AC ya kupoza. Hesabu ya haraka ni BTU 600 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni mita 16 za mraba, yaani BTU 9,600. Ikiwa kina kivuli cha mwembe na dari nzuri, chukua ya 9,000. Ikiwa kiko chini ya bati na dirisha lake linatazama jua la magharibi, chukua ya 12,000. Fundi mzuri hatosheki na ukubwa wa sakafu, atatazama juu, atauliza wanalala wangapi, atafungua pazia.

Wengi hufikiri kubwa zaidi ni bora zaidi. Kwa pwani sivyo. Mashine kubwa kupita kiasi hupoza chumba haraka ikazima kabla haijakausha hewa, ukabaki na chumba cha baridi na shuka zenye unyevu. Joto la huku nusu yake ni unyevu, na AC ya saizi yake hukupunguzia vyote viwili.

Nyumba yangu ina paa la makuti. Inawezekana?

Chumba kilicho wazi hadi kwenye makuti, hapana. Makuti yanapumua, ndiyo sifa yake, na baridi yote unayoilipia itatoka kupitia humo. Piga dari kwenye chumba cha kulala peke yake, ziba pengo la juu ya ukuta, tia vioo kwenye madirisha ya mbao. Sebule iache na feni na upepo wa kusi. Ukikosa pesa za dari, basi pesa za AC pia zihifadhi kwanza.

Nyumba za mawe ya matumbawe zina shida nyingine. Kuta za zamani zinaweza kufika nusu mita, na jiwe lenyewe humeguka. Fundi mwenye nyundo na tindo atakutolea pande zima la ukuta upande wa nje. Uliza kama ana drili ya kutoboa duara yenye urefu wa kutosha, na amalizie tundu kwa chokaa na kuliziba vizuri, la sivyo mijusi na mchwa watahamia.

Niko mita chache kutoka baharini. Nifanye nini cha zaidi?

Mengi, na huku ndiko pesa zinakopotelea.

Tuanze na vile vyuma viwili vinavyoshikilia mashine ya nje ukutani. Upande wa Silversands nilikuwa na mashine moja iliyoonekana nzima kabisa, vyuma vyake vyeupe kwa rangi. Siku ya usafi fundi aligusa chuma kwa ncha ya bisibisi, ikazama kama kwenye mkate mkavu. Chini ya rangi hapakuwa na chuma tena, ilikuwa kutu tupu, na chini ya mashine ile kulikuwa na bembea ya watoto. Tangu siku hiyo naomba mojawapo: vyuma vya stenlesi na bolti zake za stenlesi, au mashine ya nje ikae chini juu ya tofali za zege, isitegemee ukuta kabisa. Bolti ya kawaida kwenye chuma cha stenlesi haina maana, huoza ile bolti.

Pili, mahali. Isielekee bahari uso kwa uso. Iweke upande wa nyuma ya nyumba au pembeni, penye kivuli, lakini iache na nafasi ya kupumua. Watu huijengea kijisanduku kizuri cha kuifichia, ikavuta hewa yake moto yenyewe na kuzidi kula umeme.

Tatu, uliza kuhusu vile vibati vyembamba vya alumini mgongoni mwa mashine. Vilivyopakwa rangi ya buluu au ya dhahabu hustahimili chumvi zaidi kuliko vyeupe vitupu. Na paipu zilizo ndani yake ziwe za shaba.

Nne, iogeshe. Kila mwezi wakati wa kusi, zima umeme kwenye breka kisha mwagia mashine ya nje maji baridi kwa mpira wa bustani, bila presha, maana presha hulaza vile vibati. Tumia maji ya mfereji, haya ya Baricho. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, na ukiogeshea maji hayo umeongeza kile ulichotaka kuondoa.

Umeme unakwenda na kurudi kila siku. AC itastahimili?

Ikilindwa. AC iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi na breka yake. Isichomekwe kwenye soketi moja na friji. Kwa mashine ya 9,000 au 12,000 waya wa milimita 2.5 hutosha, kwa ya 18,000 kwenda juu, au ikiwa boksi liko mbali, uwe wa milimita 4. Weka na gadi ya AC. Umeme wetu ni volti 240 kwenye karatasi, lakini saa za jioni hushuka, na stima ikirudi hurudi kwa kishindo. Gadi hukata ikiona hitilafu na husubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu tena, ili kompresa isiamke ikiwa bado ina presha. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na bodi ya mashine, ile ya elektroniki.

Waya wa athi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, uwepo na upimwe. Katika nyumba za zamani za mji huu, fimbo ya athi mara nyingi imekwisha liwa na chumvi ardhini. Hilo ni suala la uhai, si la kupunguziana bei.

AC yangu ni ya zamani. Nitengeneze au ninunue mpya?

Soma kibandiko cha mashine ya nje. Kikiandikwa R22, fikiria kununua. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal nchi kama yetu zimepangiwa kuacha kuingiza gesi mpya ya R22 ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Mashine mpya hutumia R410A au R32. Hizi hazibadilishani: anayetaka kujaza R410A kwenye mashine ya R22 mzuie, presha yake ni kubwa mno na oili yake ni nyingine. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo hakuna sigara wala kuchomelea karibu nayo. Ukibadilisha kutoka R22, dai paipu mpya.

Kapasita (kile kikopo kinachosaidia mota kuanza), feni, bodi, hivyo hutengenezwa. Koili, yaani zile paipu zenye vibati, iliyotobolewa na chumvi, mimi sitengenezi. Ukiziba hapa, mwezi ujao inatoboka pale.

Na hili nalirudia kwa kila mtu: AC haili gesi. Si gari la petroli. Fundi anayekuja kila Desemba "kuongeza gesi kidogo" anakuuzia gesi inayotoka kwenye tundu lile lile. Mwambie atafute tundu kwanza. Na gesi ya mashine ya zamani isiachiwe hewani, inyonywe kwenye mtungi.

Inverta ina faida kweli?

Kwa chumba kinacholaliwa kila usiku, ndiyo. Mashine ya kawaida ya 12,000 huvuta karibu kilowati moja kompresa ikifanya kazi, yaani uniti moja kwa saa. Inverta hupunguza mwendo chumba kikishapoa. Kumbuka pia kwamba wastani wako ukipita uniti 100 kwa mwezi, bei ya kila uniti ya tokeni hupanda. Tazama kibandiko cha nyota za EPRA kwenye mashine. Lakini kwa chumba cha wageni kinachofunguliwa mara mbili kwa mwezi, mimi huweka ya kawaida. Bodi ya inverta ni ghali na hewa ya chumvi haiipendi.

Makadirio ya bei yawe na nini, na nitoe arubuni kiasi gani?

Yaonyeshe urefu wa paipu kwa mita na bei ya kila mita inayozidi, aina ya vyuma, waya, breka, gadi, kutoboa na kuziba ukuta, na waranti ya kazi kando na waranti ya mashine. Nunua mashine mwenyewe, risiti iwe na jina lako na namba ya mashine. Vifaa vidogo lipia vikifika. Kwa kazi, mimi hutoa arubuni ya theluthi asubuhi fundi akifika na zana zake, na kilichobaki baada ya AC kulala ikifanya kazi usiku mmoja. Fundi anayejiamini hana neno na hilo.

Ni mwezi gani mzuri wa kufunga?

Mei hadi Julai. Hoteli zimetulia, mafundi wana nafasi, na unaweza kumsubiri unayemtaka. Desemba utampata aliyebaki.

Mimi ni mpangaji.

Omba ruhusa ya maandishi kabla ya tundu la kwanza, na mwandikiane AC ni ya nani ukihama.

Niko Lamu. Nimpeleke fundi wa Malindi?

Wengi hufanya hivyo, lakini hesabu barabara hadi Mokowe, boti, na punda au mkokoteni hadi mlangoni. Mashine ya nje isafiri ikiwa wima. Ikilazwa, isimamishe masaa kadhaa kabla ya kuiwasha. Fundi aje na kila kitu, hata bolti ya akiba, kwa sababu kurudi kuichukua ni siku nzima. Na kama nyumba iko Mji wa Kale, ambao ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, pita kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa kabla hujatoboa ukuta au kutundika chochote mbele ya nyumba.

Nisafishe mara ngapi?

Filta wewe mwenyewe, kila baada ya wiki mbili, kwa maji na sabuni ya kawaida. Fundi mara mbili kwa mwaka. Karibu na ufuo, mara tatu.

Fundi ameharibu na hapokei simu. Nina haki gani?

Mwandikie kwanza, kwa ujumbe wenye tarehe, umpe siku za kurekebisha. Akikaa kimya, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Utakachohitaji ni makadirio aliyoandika, ujumbe wa M-Pesa na picha. Kwa hiyo siku ya kazi piga picha: maungio kabla hayajafunikwa, kibandiko cha mashine, na ile saa ya pampu mshale ukiwa chini.